Taa za Nyuma za Tela: Globu na LED katika Bonde la Kilombero

Tela halina injini wala betri, kwa hiyo halina mwanga wake lenyewe. Kila taa iliyofungwa mgongoni mwake huazima umeme kwenye trekta au lori linalolivuta, kwa waya unaoning'inia juu ya ndoano na kuishia kwenye plagi. Katika Bonde la Kilombero, kuanzia mashamba ya miwa ya Kidatu hadi mpunga wa Ifakara, Mngeta na Mlimba, si ajabu kukuta tela lenye taa za aina mbili kwa pamoja: globu za uzi unaowaka na taa za LED. Pengine globu iko kushoto na LED iko kulia. Pengine taa za breki ni LED na indiketa bado ni globu. Mchanganyiko huo haukupangwa na mtu. Ulikuja kidogo kidogo, taa moja ikifa na nyingine ikipachikwa mahali pake, na nyuma yake iko miaka zaidi ya sitini ya historia ya usafiri wa bonde hili.

Kabla ya tela, njia kuu ilikuwa mto. Mitumbwi ilibeba mpunga, samaki na watu, na wapagazi walibeba yaliyobaki. Masika, hasa kati ya Machi na Mei, Mto Kilombero hufurika na kutandaza maji juu ya uwanda mpana ambao mwaka 2002 uliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Katika ardhi ya namna hiyo gari lilichelewa kupata nafasi. Wakati wa utawala wa Waingereza malori yalipita kiangazi, na aliyetaka kwenda Mahenge alilazimika kuvuka mto karibu na Ifakara, mahali panapoitwa Kivukoni hadi leo. Magari ya zama hizo yalikuwa na taa mbele za kumwonyesha dereva njia. Nyuma, magari mengi ya miaka ya 1920 na 1930 yalitoka kiwandani na kitaa kimoja tu, kidogo, chekundu. Barabara ilikuwa na magari machache mno kiasi kwamba hatari ya kugongwa kwa nyuma haikumshughulisha mtu.

Tela liliingia kwa nguvu pamoja na miwa. Kampuni ya Sukari Kilombero iliundwa mwaka 1960, na kiwanda chake cha kwanza, cha Msolwa, kikaanza kazi miaka michache tu baadaye upande wa kusini wa Mto Ruaha Mkuu. Kiwanda cha pili, cha Ruembe, kilijengwa ng'ambo ya mto katikati ya miaka ya 1970. Muwa una tabia moja inayoamuru kila kitu kingine: ukishakatwa, sukari yake huanza kupotea, na kadiri saa zinavyopita ndivyo mkulima na kiwanda wanavyopata hasara. Kwa sababu hiyo kiwanda husaga usiku na mchana msimu mzima, na matela hayana budi kusafiri usiku na mchana. Hapo ndipo taa ya nyuma ilipoanza kuwa jambo la maana katika bonde. Tela lililojaa miwa ni pana, ni refu, linakwenda mwendo wa trekta, na mabua yanayotokeza nyuma huweza kufunika taa zote zilizo chini yake. Anayelikuta gizani halioni tela; huona giza jingine ndani ya giza.

Reli ilikuja na nidhamu tofauti. Tawi la reli ya kati kutoka Kilosa kupitia Mikumi lilifika Kidatu katika miaka ya 1960, na TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ikapita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba kabla ya kupanda kuelekea Makambako. Katika kazi ya reli, alama ya mwisho wa treni si pambo. Taa nyekundu kwenye behewa la mwisho humwambia mtumishi wa stesheni kwamba treni imepita nzima na hakuna behewa lililokatika na kubaki njiani. Bila alama hiyo, njia haihesabiwi kuwa wazi. Barabara zilizokwenda sambamba na reli hiyo hazikuwahi kuwa na mtu wa kusimama kando akihesabu taa za matela. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka masharti ya taa kwa magari na matela, lakini usiku, katikati ya mashamba, msimamizi wa sheria hiyo alikuwa dereva mwenyewe.

Mfumo uliofungwa kwenye matela ya enzi hizo ulikuwa rahisi, na urahisi wake ndio uliouwezesha kudumu. Taa ya nyuma ilikuwa kikombe cha bati chenye kioo chekundu cha plastiki, na ndani yake globu yenye nyuzi mbili za tungsteni: uzi wa wati 5 kwa taa ya kawaida na uzi wa wati 21 kwa breki. Kitako cha globu hiyo kina vijipini viwili vya pembeni visivyolingana kimo, kimoja juu kidogo kuliko kingine, ili fundi asiweze kuipachika kinyume na kuwasha uzi wa breki mahali pa taa ya kawaida. Fundi aliyeizoea huipachika gizani kwa kupapasa tu. Kila kazi ilikuwa na waya mmoja, na umeme ulirudi kwenye betri kupitia chuma cha chasisi, njia ambayo mafundi huiita ethi. Globu ya uzi haichagui upande wa umeme. Matrekta ya Kiingereza ya zamani, kama Ferguson TE20, yalifungwa chanya ya betri kwenye chasisi, kinyume cha magari ya leo, na globu iliwaka vilevile.

Udhaifu wake nao ulijulikana. Uzi wa tungsteni huwaka kwa kupata moto mkali sana, na uzi wenye moto hukatika upesi ukitikiswa. Barabara ya vumbi yenye matuta ya mawimbi huua globu kuliko idadi ya saa ilizowaka. Tela likipita kwenye maji, kioo cha globu chenye moto hupasuka. Tope jeusi la bondeni huganda juu ya taa hadi mwanga usipite. Kutu hula viungo vya ethi. Tena, injini inapounguruma polepole na dinamo ikawa dhaifu, globu hufifia na kuwa nyekundu kama kaa linalozimika.

Zaidi ya udhaifu huo wa kifundi kulikuwa na njaa ya spea. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ilikosa fedha za kigeni, na trekta liliweza kusimama kwa kukosa kipuri kidogo tu. Katika hali hiyo hakuna aliyetumia fedha zake kwa taa ya nyuma kabla ya matairi, pampu ya dizeli au taa ya mbele. Uamuzi huo unaeleweka, na ndio unaoeleza mengi yaliyofuata. Taa ya mbele humsaidia anayeilipia. Taa ya nyuma humsaidia mtu mwingine, asiyejulikana, anayekuja nyuma. Kila uhaba ulipobisha hodi, cha mtu mwingine ndicho kilichoachwa kwanza. Njia mbadala zikazoeleka kote nchini: chemli iliyofungwa nyuma ya shehena, utingo aliyekaa juu ya mzigo na tochi mkononi, na matawi mabichi ya miti yaliyotandazwa barabarani mita nyingi kabla ya gari lililoharibika. Matawi hayo yamebaki kuwa lugha ya barabara za Tanzania hadi sasa, na dereva anayeyaona hupunguza mwendo kabla hajajua kilichoko mbele.

Ulegezaji wa biashara ulioanza mwaka 1984 ulirudisha spea madukani. Baadaye, mwaka 1998, Kampuni ya Sukari Kilombero ilibinafsishwa, na kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini ikawa mwenye hisa nyingi. Kilimo cha wakulima wa nje, yaani wanaolima miwa yao wenyewe na kuiuzia kiwanda, kilipanuka sana katika miaka iliyofuata, na pamoja nacho kazi ya wakandarasi wa kusomba miwa wenye matrekta na matela yao wenyewe. Mabadiliko hayo yalikuwa na athari kubwa kwa taa kuliko inavyodhaniwa. Tela la shamba kubwa huvutwa na trekta lilelile na kutengenezwa katika karakana ileile. Tela la mtu binafsi huuzwa, hukodishwa, huvutwa leo na Massey Ferguson na kesho na lori. Ndipo lilipojitokeza tatizo la volti. Trekta kwa kawaida lina umeme wa volti 12. Lori kubwa lina volti 24. Globu ya volti 12 ikiunganishwa na lori hukatika papo hapo. Globu ya volti 24 ikiunganishwa na trekta hutoa mwanga mdogo usiofaa kitu.

Kidatu palikuwa pameshazoea mifumo isiyooana: reli ya kati ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA milimita 1,067, na mizigo inayohama kutoka reli moja kwenda nyingine lazima ishushwe na kupakiwa upya. Kwa plagi za matela wahandisi walijaribu kuzuia mkanganyiko kwa kuzitofautisha makusudi, ile ya volti 12 isiingie kwenye ile ya volti 24. Zote zina pini saba, lakini mpangilio haufanani. Katika plagi ya kawaida ya volti 12, ethi iko pini ya 3. Katika ile ya volti 24, ethi iko pini ya 1 na pini ya 3 ni indiketa ya kushoto. Plagi inapokatwa na waya kuungwa kwa kufuata namba, bila kuuliza namba hizo ni za mfumo upi, waya wa ethi hujikuta kwenye indiketa. Fyuzi hukatika, au mbaya zaidi, taa huwaka kwa mpangilio ambao dereva wa nyuma hawezi kuufasiri.

LED haikuanzia kwenye magari. Nick Holonyak wa kampuni ya General Electric, Marekani, alionyesha LED nyekundu ya kwanza yenye mwanga wa kuonekana mwaka 1962, muda uleule ambapo kiwanda cha Msolwa kilikuwa kinaanza. Kwa miaka mingi ilikuwa kitaa cha kuonyesha kwamba redio imewashwa. LED ya buluu yenye nguvu ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014, na kutokana nayo ikapatikana LED nyeupe. Vijijini Tanzania ilifika kwanza ikiwa ndani ya tochi za bei ndogo kutoka China na taa za sola zilizoondoa koroboi, kisha kwenye pikipiki. Bonde la Kilombero linazalisha umeme mwingi, kwa kuwa bwawa la Kidatu lina uwezo wa megawati 204 na Kihansi megawati 180, lakini nyumba nyingi za bondeni zilijua mwanga wa LED kabla ya kuijua nguzo ya TANESCO. Ilipofika kwenye maduka ya spea ya Ifakara ikiwa taa ya tela, haikuwa kitu kigeni tena.

Kwa tela la bondeni, taa hiyo ilijibu karibu kila lalamiko la zamani. Haina uzi wa kukatika kwa mtikisiko. Iliyotengenezwa vizuri imezibwa isiingize maji. Hula wati chache tu pale ambapo globu ilikula 21. Na nyingi kati ya taa za LED za matela zimetengenezwa kupokea volti 10 hadi 30, kwa hiyo tela lilelile huweza kuvutwa asubuhi na trekta na jioni na lori bila taa kuungua. Sifa hii ya mwisho, kwa wenye matela ya kukodisha, huenda ni kubwa kuliko zote.

Lakini LED ilifungwa kwenye mfumo uliobuniwa kwa ajili ya globu, na hapo ndipo shida ya kuchanganya ilipoanzia. Mfano ulio wazi zaidi ni indiketa. Flasha ya zamani, kifaa kinachoifanya indiketa ipepese, hufanya kazi kwa joto: umeme unaokwenda kwenye globu hupita kwanza ndani yake, hupasha kipande cha chuma, nacho kinapojikunja na kupoa hukata na kuunga umeme. Globu mbili za wati 21 kwenye volti 12 huvuta ampia 3.5, na flasha imepimwa kwa mzigo huo. Weka LED mahali pa globu moja na mzigo hushuka. Flasha ya joto haipati moto wa kutosha. Indiketa huwaka bila kupepesa au hupepesa kwa uvivu. Flasha ya kielektroniki nayo hufasiri upungufu huo kuwa globu imekufa, na hupepesa kwa kasi maradufu ili kumwarifu dereva. Tela lenye globu kushoto na LED kulia huweza kupepesa kwa mwendo wa kawaida likikata kushoto na kwa pupa likikata kulia.

Dawa iliyoenea ni resista: kinyuzi kilichofunikwa kwa bati, mara nyingi cha omu 6, kinachounganishwa sambamba na LED ili kuvuta ampia 2 na kuidanganya flasha. Inafanya kazi, ila wati 24 zinazopita ndani yake hugeuka joto tupu. Resista iliyofungwa kwa utepe juu ya nyaya huyeyusha nyaya hizo, na kwenye tela la miwa, ambako majani makavu hujisokota katika kila pembe, kitu chenye joto hilo hakistahili kukaa isipokuwa kwenye chuma kilicho wazi, mbali na uchafu. Njia bora ni kubadilisha flasha yenyewe na kuweka isiyojali mzigo. Ni kazi ya dakika chache.

Shida ya pili ni ethi. Kiungo cha ethi kikiliwa na kutu, umeme wa breki hutafuta njia nyingine ya kurudi, na njia hiyo ni nyuzi za taa za jirani. Wakati taa zote zilikuwa globu, ugonjwa huo ulionekana kwa dereva akikanyaga breki na taa nyingine kuwaka kwa ufifi. Mara nyingi mkondo ulikuwa mdogo kiasi cha kutowasha globu yoyote, na ubovu ukajificha kwa miaka. LED huwashwa na mkondo mdogo sana. Tela lililowekewa LED mbili katikati ya globu za zamani huanza kuonyesha vimwanga visivyozimika, au taa ya breki inayocheza kila indiketa inapopepesa. Mwenye tela huilaumu taa mpya na kuirudisha dukani. Taa haina kosa. Imefichua kutu iliyokuwapo. Suluhisho ni waya wa ethi unaotoka kwenye kila taa hadi kwenye plagi, badala ya kutegemea chasisi, ndoano na grisi.

La tatu linamhusu anayekuja nyuma, na ndilo zito kuliko yote. Globu huchukua takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga wake kamili. LED huwaka papo hapo. Kwa gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, tofauti hiyo ni zaidi ya mita 4 za barabara. Taa mbili za breki za aina tofauti haziwaki pamoja wala hazilingani ukali. Usiku, tela lenye LED kali upande mmoja na globu hafifu yenye vumbi upande wa pili huonekana kama pikipiki moja, na dereva anayetaka kuipita pikipiki hajipimii nafasi ya kupita tela. LED nyeupe iliyopachikwa nyuma ya kioo chekundu huongeza utata, kwa kuwa mwanga wake una wekundu kidogo na hutoka ukiwa wa waridi au mweupe kabisa pale kioo kilipopauka kwa jua.

Hatari hiyo imeongezeka kwa sababu barabara zimebadilika. Hadi miaka ya karibuni aliyekwenda Mahenge alipanga foleni ya kivuko pale Kivukoni, na Januari 2016 kivuko hicho kilipinduka mtoni. Daraja la mita 384 lililopewa jina la Magufuli lilifunguliwa mwaka 2018, na kazi ya kuweka lami kati ya Kidatu na Ifakara nayo ikaendelea. Mwendo umeongezeka, ila tela limebaki na mwendo wake wa zamani. Pawatila, zilizoenea hasa baada ya kauli mbiu ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009, zimeongeza matela madogo ya mpunga ambayo mara nyingi yana taa moja mbele na hayana kitu nyuma.

Mafundi umeme wa magari walioielewa hali hii hawakatai kuchanganya, bali huchanganya kwa utaratibu. Taa hubadilishwa kwa jozi: breki zote mbili LED au zote mbili globu, indiketa vivyo hivyo. LED ya nyuma ya kioo chekundu huwa nyekundu, ya indiketa huwa ya rangi ya chungwa. Ethi huvutwa kwa waya wake kabla ya taa yoyote mpya kuguswa. Na rifleta nyekundu hazitolewi hata LED zikiwa nzima zote, kwa sababu tela likikatika ndoano na kubaki peke yake barabarani, plagi huchomoka, umeme hukatika, na kinachobaki kuonekana ni mwanga wa taa za mgeni unaorudi kutoka kwenye rifleta hizo.